Baiskeli Isiyotoa Habari

Kila jioni, kabla mtu hajakaribishwa nyumbani kwake, chombo cha usafiri alichokuja nacho hutangaza chenyewe mlangoni kilikompeleka. Baiskeli ya Hizza haikutangaza kitu. Ilikuwa ya mashindano, ya zamani, na alikuwa ameiunga mwenyewe kwa vyuma vya bei ya chee: fremu ya jalalani, usukani uliopinda kama pembe za kondoo, magurudumu yasiyofanana.

Aliingia ameloa jasho, anacheka. Mkewe, Mwanaidi, alimzuia kizingitini.

"Ulikuwa wapi?"

"Muheza na kurudi! Inateleza kama mlenda, mke wangu."

"Nani anasema?"

"Mimi! Mumeo!" Damu ilimchemka. "Yaani bati la gari la kukodi likisema unaliamini, ulimi wangu unaukataa?"

"Usinifokee, baba Nasra. Tangu unioe nasikiliza vyombo tu. Wewe ukisema kweli unakuwaje? Ukidanganya je? Sijui."

Hizza akaapa kwa Mungu, akaapa kwa roho ya mama yake. Kadiri alivyozidi kuapa ndivyo sauti yake ilivyozidi kumtoka kama ya mwongo, naye Mwanaidi akabaki kumtazama usoni, akitaka kuamini, asijue aanzie wapi.