Kiatu cha Kushoto

Tangu saa moja asubuhi Kahongya alikuwa amesimama kwa magongo yake penye kituo cha pikipiki zitokazo Beni, akitazama miguu ya kila abiria aliyeshuka. Alikuwa akimtafuta mtu wa mguu mmoja, wa kulia.

Wake yeye ulikuwa wa kushoto. Alizaliwa hivyo kule Vuhovi, na huo mmoja aliopewa ukakua bila adabu mpaka ukavaa namba arobaini na sita, kiatu ambacho soko zima la Butembo hukipata kwa bahati. Miaka tisa iliyopita, kwenye mechi ya wachezaji wa mguu mmoja, alikutana na Mathe wa Beni. Mathe alikatwa mguu wa kushoto baada ya ajali, na ule uliobaki ulikuwa arobaini na sita vilevile. Walicheka hadi magongo yakawadondoka. Toka siku ile walinunua jozi moja kwa zamu: cha kushoto cha Kahongya, cha kulia cha Mathe.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya Mathe. Na leo hii, saa nane, wakubwa kutoka Kinshasa wangechagua, hapa Butembo, mshambuliaji mmoja wa timu ya taifa. Mmoja tu, na walioitwa walikuwa wawili: Kahongya na Mathe.

Kahongya alikuwa na miaka thelathini na sita, asingeitwa tena. Kiatu chake cha zamani kilikuwa kimeisha soli. Uchaguzi uliopita aliteleza nacho, akalala kifudifudi kwenye tope watu wakimtazama, na jina la mwingine likaandikwa.

"Nimevipata, vipya kabisa," Mathe alimwambia kwa simu juzi. "Kesho napitia kwanza ku shamba, naangalia cacao yangu. Kesho kutwa asubui niko kwako na cha kwako."

Tangu jana jioni simu ya Mathe iliita tu bila kupokelewa.

"Pengine iko na shida," Kavuo, mke wake Kahongya, alimwambia alfajiri akimkunjia jezi. "Si unajua waasi banaingia ku mashamba ya kule."

"Shida gani? Anataka nianguke tena. Lakini mimi, ningemufanyia vile?"

Alitoka bila kunywa chai. Alipofika mbele ya kanisa alisimama na kuomba jambo ambalo hakuwahi kumwombea mtu: kiatu kifike, Mathe asifike. Aliona aibu, lakini aliomba mara mbili.

Saa sita na nusu, dereva mmoja wa pikipiki alisimama mbele yake.

"Ni wewe Kahongya?"

"Ni mimi."

Dereva akafungua mpira wa kufungia mizigo nyuma ya kiti, akampa mfuko. "Muke ya Mathe ndiye alinipatia."

"Mwenyewe iko wapi?"

"Sikumuona. Parcelle yote ya nyumba yao imejaa batu. Bamekaa inje, masufuria iko ku moto."

Kahongya alicheka kwa uchungu. "Kumbe bameshaanza sherehe? Mbele hata ya mupira kuguswa?"

Dereva alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha pikipiki ambacho hakikuwa na vumbi.

Kahongya aliketi juu ya jiwe, akauchana mfuko akiwa na hakika ya kukuta kiatu kikuukuu. Mkono wake ukagusa njumu ngumu. Kilikuwa cha kushoto, kipya, bado kinanuka duka.

Moyo ukamlainika palepale. Alikivaa, akafunga kamba, akakanyaga chini mara tatu. Hakikuteleza hata kidogo. Akatazama barabara ya Beni. Ilikuwa tupu, na saa nane haikuwa mbali. Mathe asingewahi tena. Mungu amesikia yote mawili, alijisemea, na safari hii hakuona aibu.

Aliuinua mfuko ili autupe, akauona bado mzito. Akaingiza mkono tena. Chini kabisa kilikuwamo cha kulia, kipya, kamba zake hazijafunguliwa.