Alama Kwenye Damu

Mstari wa kipimo ulipopanda kwenye kompyuta ya maabara, Sesilia alisahau hata kuvua glavu, akaikamata simu hivyo hivyo. Wiki ya nane sasa alikuwa akipima damu za wagonjwa ambao saratani yao imesambaa hadi ubongoni, akitafuta alama ambayo vidonge vipya huilenga. Leo kaiona, tena kwa yule mama wa Temeke aliyeambiwa akapumzike tu nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni damu, mwanangu, mmeshaimaliza!"

"Sitaki damu. Kwenye ile uliyotupatia tumeona alama, na dawa yake ipo. Daktari anakuita leo."

Sesilia aliigandamiza simu sikioni.

Kisha sauti ya mama ikapaa, si kwa Sesilia tena, bali kwa watu wa nyumbani mwake:

"Nyie! Nitoleeni baibui langu. Si hilo, lile jipya!"