Kanga na Mgonjwa Asiyelalamika

Zamani wanyama walipokuwa na zahanati yao, Kanga ndiye aliyemuuguza Kongoni, aliyevunjika mguu. Kila mara muuguzi mwenzake, Pelele, alipokuja kupokea zamu, Kanga alimfukuza.

"Nenda kalale, mvivu wee! Mgonjwa wangu namjua mwenyewe. Umeshamsikia akilalamika?"

Kweli, Kongoni hakulalamika hata kidogo. Kanga akajisifu kwa hilo, huku macho yamemvimba kwa kukosa usingizi.

Asubuhi moja usingizi ukamwangusha juu ya ule mguu. Kongoni akapiga ukelele. Pelele akaja mbio, akafungua bandeji, akakuta imekazwa mno, mguu umevimba, bado kidogo uoze.

"Kaka Kongoni, mbona ulinyamaza?" Kanga akauliza.

"Nilikuonea huruma, dada. Ulivyochoka, nikasema nikikuita tena utakufa wewe kabla yangu."

Kanga akainamisha kichwa. "Mungu anisamehe. Kimya chako nilikihesabu sifa yangu." Akamgeukia Pelele. "Mdogo wangu, pokea zamu."

Akalala fofofo. Alipoamka jioni akamsikia Kongoni akimfokea Pelele, "Taratibu! Hapo panauma! Na hapo!"

Kanga akamshukuru Mungu.