Moto wa Mji Mama

Timarete alifunua chungu, akachovya kidole jivuni. Baridi. Akachimba hadi chini. Baridi tupu.

Siku kumi na tisa baharini, wakija kujenga mji mpya pwani hii, alikuwa amelipakata kaa la moto lililotoka kwenye meko ya mji wao wa asili. Mji mpya usiowashwa kwa moto wa mji mama, miungu hawaujui.

"Shemeji, unaupika huo moto?" aliita kiongozi wao kutoka kilimani. Watu wakaangua kicheko.

"Nakuja, hebu nipumue!"

Nyuma ya mwamba, mwanamke mwenyeji alikuwa akichoma samaki. Kesho wanaume wangemfukuza yeye na watu wake. Hilo lilishaamuliwa chomboni. Timarete akapiga magoti, akamnyooshea chungu.

Mwanamke akatazama jivu, akatikisa kichwa kama anayemwonea huruma mwari asiyejua jiko. Akachagua kaa kubwa kuliko yote, akalitia taratibu.

Kilimani, kiongozi alichungulia chunguni.

"Ndio wenyewe huu? Apa, shemeji, watu wasikie."

Timarete akainua mkono, akaapa, macho yake yakiwa kwenye moshi wa yule mwanamke kule ufukoni.