Fulana Arobaini

Bi Odessa Tolliver alihesabu fulana za manjano mara mbili langoni mwa bustani ya michezo, na mara zote mbili alipata arobaini. Ndiyo maana ilipita nusu saa kabla ya mtu yeyote kugundua kwamba mjukuu wake Zaria hayupo.

Ukoo uliokutana Orlando ulikuwa na watu arobaini kamili. Nusu walitoka Macon, alikoishi Bi Odessa, na nusu walitoka Detroit, wakiongozwa na wifi yake, Vernita. Mwaka huo walikuwa wameunganisha starehe mbili: siku mbili za bustani, kisha siku nne za meli hadi Bahamas. Fulana zilichapishwa kwa ziada, na boksi likaachwa wazi ukumbini mwa hoteli ili kila mtu achukue inayomtosha.

Zaria alikuwa na umri wa miaka mitano. Mama yake, Latrice, alikuwa muuguzi, na hospitali ilimnyima likizo siku mbili kabla ya safari. Alimkabidhi mtoto kwa maneno machache.

"Mama, usimwachie mkono. Hata akikulilia."

Bi Odessa alikuwa ameapa. Sasa mkono wake ulikuwa mtupu, na gwaride lilikuwa likipita kwa ngoma na tarumbeta, likizifunika sauti za watu waliokuwa wakiliita jina la mtoto. Vernita alikimbilia ofisi ya walinzi. Wanaume walitawanyika. Bi Odessa alibaki amesimama palepale, asije mtoto akarudi asimkute.

Mwanamume mrefu mwenye fulana ya manjano alijitokeza katikati ya umati. Zaria alikuwa mabegani mwake, akilamba aiskrimu.

"Nimemkuta kwenye farasi wa kuzunguka," alisema. "Anasema bibi yake kapotea."

"Mimi ndiye niliyepotea?" Bi Odessa alicheka huku machozi yakimtoka. "We mtoto, utaniua!"

Kwa akina Tolliver, kumwuliza ndugu jina lake kwenye mkutano wa ukoo kulikuwa sawa na kumtukana. Mzee alipaswa kumtambua mtu kwa sura. Bi Odessa alimtazama mgeni wake, akamtambua.

"Wewe ni wa marehemu Lucille, siyo? Lucille wetu wa Detroit. Macho hayo hayafichiki."

"Wa Lucille, Shangazi. Quincy."

"Mara ya mwisho nilikuona unachuruzika kamasi!"

"Zimekauka, Shangazi."

Watu wa Macon waliokuwa karibu walicheka. Bi Odessa alihesabu tena, akapata arobaini na moja. Aliilaumu miwani yake, akaacha kuhesabu.

Jioni ile Quincy alikula nao hotelini. Aliinamisha kichwa wakati wa sala, akawakatia watoto nyama ya bata mzinga, kisha akaketi kwenye meza ya karata pamoja na vijana wa Detroit. Alishindwa vibaya.

"Jamani, huyu anacheza kama mtu wa Macon!" alipaza sauti mtoto mkubwa wa Vernita.

Meza nzima iliangua kicheko, na Quincy aliwashinda wote kwa kucheka. Siku iliyofuata bustanini, Zaria hakutaka mabega mengine.

Asubuhi ya tatu, masanduku yalikuwa yameshachukuliwa milangoni kupelekwa melini. Basi la bandarini liliwasubiri watu wa Macon. Wale wa Detroit, waliokuja kwa magari yao, walikuwa wakiondoka mmoja mmoja.

Zaria alisimama mbele ya ngazi za basi na kuanza kulia. Basi humtapisha.

"Mwache aje na mimi, Shangazi," alisema Quincy. "Kiti cha mtoto ninacho."

Bi Odessa alisita. "Mama yake alinikataza nisimwachie."

"Ni mwendo wa saa moja tu. Wifi yako ananitangulia, nitamfuata nyumanyuma."

"Bibi, tafadhali! Nitakaa vizuri!"

Dereva alipiga honi. Bi Odessa alimtazama yule mwanamume aliyemrudishia mtoto wakati walinzi wote walikuwa bado wanaulizana. Alijiona mzee mwenye wasiwasi usio na maana. Alimbusu Zaria kwenye paji la uso, kisha akauweka mkono wake mdogo ndani ya mkono ule mkubwa.

"Ukimpa soda, utamwosha mwenyewe," alisema.

"Sitampa, Shangazi."

Ukumbi wa bandari ulijaa watu wenye kofia za jua. Karani aliita majina, na watu wa Macon wakapita mmoja baada ya mwingine. Bi Odessa alikataa kupita. Alikaa karibu na mlango, vyeti viwili vya kuzaliwa mapajani, chake na cha Zaria. Magari mengine ya Detroit yaliwasili. Saa moja ilipita, kisha robo tatu nyingine. Hatimaye Vernita aliingia akiwa na vijana wawili, akijipepea kwa bahasha.

"Foleni ya kuegesha ni balaa!" alisema. "Mbona umekaa huku peke yako?"

"Nawasubiri Zaria na Quincy. Si walikuwa nyuma yako?"

"Zaria? Kwani hakuja nanyi kwenye basi?"

"Nilimpa Quincy amlete. Quincy wako, mtoto wa Lucille."

Vernita aliacha kujipepea. Aliwatazama vijana wawili waliosimama kando yake, kisha akamtazama Bi Odessa.

"Wana wa Lucille ni hawa hapa, wifi, na nimekuja nao mimi. Yule mrefu sisi tulijua ni wa kwenu."