Vishikwambi vya Mwalimu Kobe

Hapo kale, ila si kale sana kwani umeme ulikuwa umeshafika, Mwalimu Mkuu Kobe aliletewa vishikwambi vya kufundishia darasa la pili. Akavifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni, hata nailoni hakuvivua.

"Mwalimu, tuguse kidogo tu!" wanafunzi wake, Ngedere, walimlilia.

"Kwa mikono hiyo ya maembe? Mtaniharibia!"

Asubuhi moja Korongo, mkaguzi wa shule, akatua uwanjani. Kobe akafungua kabati kwa madaha. "Jionee, mheshimiwa. Havina hata mkwaruzo!"

"Basi navichukua," alisema Korongo. "Shule ya ng'ambo ya mto wanagombania kimoja. Nikimaliza chai nakuja kuvibeba."

Kobe akatoka mbio, mbio za kobe lakini mbio. "Wanangu, shikeni! Bonyezeni! Njooni na maembe yenu!"

Ngedere wakavamia. Wakapigana picha mikia, kisha wakamfundisha mwalimu mchezo wa kujumlisha.

Korongo aliporudi, darasa lilikuwa kelele tupu. "Mwalimu, lete hicho nikikague."

Kobe hakuinua hata shingo. "Panga foleni, mheshimiwa. Mimi mwenyewe nimekipata kwa kunyang'anyana."

Korongo akaenda kusimama nyuma ya Ngedere wa mwisho.