Sufuri ya Kayleen

Philippa aliandika sufuri, kisha akaipigia mstari.

Bibi Noreen aliiona. Herufi zilimpiga chenga maisha yake yote, lakini sufuri nani asiyeijua?

Walikuwa wameketi sakafuni katika chumba cha chekechea, feni ikizunguka bure, mchanga mwekundu wa jangwani umeingia hadi kwenye sanduku la midoli. Philippa alikuwa amekuja kwa gari kutoka mjini, kilomita mia tatu za vumbi, kupima jinsi watoto wanavyosema na wanavyoishi na wenzao. Ndiyo kazi yake, na ubaya hana, maskini. Hata biskuti alileta.

Alianza na Latoya, wa miaka minne. Loo, mtoto yule! Alitaja picha zote, kisha akamuuliza Philippa mbona nywele zake zimekauka kama majani. Akapata alama zote na biskuti yake, akatoka mbio kwenda kucheza.

Ndipo ikaja zamu ya mdogo wake, Kayleen, miaka miwili na nusu.

"Huyu nani, mpenzi? Mbwa. Haya, sema mbwa."

Kayleen alimtazama. Akainua mkono, akachezesha vidole, akaonyesha mlangoni.

"Wa umri wake wana maneno mamia, Bi Noreen. Dada yake alikuwa nayo, karatasi zake ninazo hapa. Kwani nyumbani hamwongei naye?"

Bibi Noreen angejibu vipi? Miezi kumi imepita tangu wamzike binti yake, mama wa watoto hawa, na kwa watu wake mama aliyefiwa hufunga mdomo mpaka wakubwa wa msiba wamfungulie. Dada zake watatu anaoishi nao wamefunga vilevile. Kusema kabla ya siku ni kumtupa marehemu, na Noreen alizaa mmoja tu.

"Najua mko msibani," Philippa alisema kwa upole. "Nawaheshimu, kweli kabisa. Lakini mtoto akilelewa na watu wasiosema, atajifunza nini?"

Kayleen akamvuta sketi. Vidole vikacheza tena, polepole safari hii. Kifuani, hewani, mlangoni. Philippa akaandika: anachezea vidole, hatulii, anataka kutoka.

Bibi Noreen akageukia ukutani. Moyo wake ulikuwa unapasuka, na hakutaka mjukuu aone machozi.

"Nitapendekeza apelekwe mjini," Philippa alisema. "Akae na familia yenye watu wa kuongea naye. Mwaka mmoja, labda miwili."

Miaka miwili! Ulimi wa Noreen ulinyanyuka wenyewe. Amwache binti kaburini bila heshima yake, au amwache mjukuu aende? Nani achague hapo, jamani? Mdomo ulifunguka, zikatoka pumzi tupu.

Kayleen alikuwa ameanza kulia, mikono ikienda mbio. Philippa akaikamata yote miwili, akaibana kifuani pake kumbembeleza. "Basi, mama, basi. Tulia."

Latoya aliingia wakati huohuo, amefuata biskuti ya pili. Akasimama ghafla.

"Usimshike mikono, wewe!" alifoka. "Sasa ataongeaje?"

Philippa akaiachia. "Ataongea?"

"Si anakuuliza tangu asubuhi kwa mikono, kama bibi anavyoongea nasi nyumbani, na wewe humjibu!" Latoya alimtazama mdogo wake, akafuata vidole vyake kimoja kimoja. "Anasema lile gari lako jeupe ndilo lililompeleka mama hospitali. Anasema mfungulie mlango ashuke, humo ndani kuna joto."